Bukene siyo njia ya kupitia tu

 

Julai na Agosti mwaka 2024 nilikuwa Denmark, kwenye kozi ya wiki nane ya nishati jadidifu: upepo, jua na moto wa mabua. Tangu nimerudi Septemba, kila ninayekutana naye pale stesheni ya Bukene ananiuliza maswali mawili. La kwanza, "Umetuletea nini?" La pili, "Hivi kule umeme huwa unakatika?"

La kwanza nalijibu haraka: nimeleta cheti na jaketi ambalo huku halina kazi. La pili nalo jibu lake ni fupi. Wiki nane nilizokaa, haukukatika hata siku moja. Watu wanatikisa kichwa, wanasema wazungu bwana, halafu tunahamia habari za mpira.

Lakini kadiri ninavyolijibu swali hilo naona tunauliza swali lisilo lenyewe. Kuuliza kama umeme unakatika ni kuuliza kama mwenye duka leo kafungua. Swali kubwa ni lingine: duka ni la nani? Nimeandika haya kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu Novemba 27, 2024 tulichagua wenyeviti wa vijiji na vitongoji, na sikusikia mgombea hata mmoja, wa kwao au wa kwetu, akiligusa.

Sola ya mama

Nianzie nyumbani. Kitongoji chetu kiko nje kidogo ya Bukene mjini. Kwenye vitabu vya serikali kijiji chetu kina umeme, na siyo uongo. Nguzo zimekuja, zimepita kando ya barabara, zimegusa shule, zahanati na nyumba chache zilizobahatika kuwa jirani. Kisha zikaishia hapo. Sisi wa huku ndani tunaziona kwa mbali.

Ndiyo maana takwimu zinahitaji kusomwa kwa makini. Tunaambiwa vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa. Sawa, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, wamefanya kazi ambayo hata mpinzani mwenye haki lazima aikubali. Lakini watu hawaishi kwenye kijiji kama jina, wanaishi kwenye vitongoji. Vitongoji viko zaidi ya 64,000, na mwaka 2024 vilivyokuwa vimepata umeme vilikuwa nusu hivi. Ada ya kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000, bei ambayo mkulima anaweza kuijikusanya. Shida ni kwamba 27,000 haikusaidii kitu kama nguzo haipo.

Basi mwaka juzi mama akachukua sola ya mkopo kwa kampuni moja. Paneli ndogo, betri, taa nne, redio na sehemu ya kuchajia simu. Unalipa kidogo kidogo kwa simu, na ukichelewa mtambo unajifunga wenyewe. Miezi ya mwanzo ilikuwa raha. Jirani walikuwa wanakuja kuchaji, mdogo wangu anasoma usiku, mama anasikiliza taarifa ya habari. Halafu pesa ya pamba ikachelewa. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sola ikajifunga.

Hebu piga picha. Jua la Unyamwezi, lile la Septemba linalopasua midomo. Paneli iko juu ya bati inalitazama. Ndani giza, mtoto anasoma kwa tochi ya simu iliyobakiza chaji kidogo. Mama akaniambia neno moja ambalo nilisafiri nalo mpaka ng'ambo: "Mwanangu, mpaka jua siku hizi tunauziwa kwa mkopo."

Sisemi sola ni mbaya, wala sisemi mkopo ni dhambi. Ninachosema ni kwamba mama alikuwa mteja wa jua linalomuwakia juu ya bati lake mwenyewe. Hakuwa na sauti kwenye bei, kwenye masharti, wala kwenye kufungwa. Alichoweza ni kulipa au kukaa gizani.

Denmark hawakuzaliwa na umeme wa upepo

Watu wetu wakisikia Denmark wanadhani ni nchi iliyoshushwa kutoka mbinguni ikiwa na mitambo ya upepo tayari. Kiukweli mwaka 1973, vita ya Mashariki ya Kati ilipopandisha bei ya mafuta, Denmark ilikuwa inategemea mafuta ya kuagiza kwa karibu asilimia 90 ya nishati yake. Ilifika mahali serikali ikapiga marufuku kuendesha magari binafsi siku za Jumapili. Watu walitembea kwa miguu na baiskeli kwenye barabara kuu. Mwaka huohuo na sisi tulikuwa tunahangaika na mafuta hayohayo. Tulianza pamoja kwenye shida hiyo, ingawa wao walikuwa na akiba na sisi hatukuwa nayo.

Wakubwa wao walikuwa na jibu tayari: tujenge vinu vya nyuklia. Vijana na wananchi wa kawaida wakakataa. Ile nembo ya jua jekundu linalotabasamu kwenye duara la njano, linalosema nyuklia hapana asante, ambayo imezunguka dunia nzima, ilichorwa mwaka 1975 na mwanafunzi, binti aitwaye Anne Lund. Hakuwa waziri, wala hakuwa mshauri mwelekezi aliyelipwa kwa dola. Walibishana miaka kumi, kwa mikutano, maandamano na vipeperushi, na mwaka 1985 bunge lao likaiondoa nyuklia kwenye mipango ya nchi.

Lakini hawakuishia kukataa, na hapa ndipo wengi wetu tunapojifunza nusu. Wakati wengine wanaandamana, wengine walikuwa kwenye karakana wanajenga mitambo. Vestas, ambayo leo ni moja ya kampuni kubwa kabisa za mitambo ya upepo duniani, chimbuko lake ni karakana ya mhunzi kwenye kijiji kinachoitwa Lem, na ilikuwa inatengeneza vifaa vya wakulima kabla ya kugusa upepo. Mhunzi, jamani. Huku kwetu wahunzi wa Usumbwa na Uzinza walikuwa wanafua majembe yanayouzwa Unyamwezi yote kabla mkoloni hajaja. Ufundi tulikuwa nao.

Na serikali yao ilifanya kazi yake. Kuanzia mwaka 1979 ilichangia asilimia 30 ya gharama ya mtambo kwa mwananchi anayejenga, ikapunguza mchango huo taratibu kadiri mitambo ilivyokuwa bora, mpaka ukaisha mwaka 1989. Mkulima hakuachiwa apambane na soko peke yake eti kwa sababu ni mjasiriamali.

Leo zaidi ya nusu ya umeme wa Denmark unatokana na upepo, na jua linaongezea juu yake. Na jua lao ni la kuhurumia. Julai linachelewa kuzama mpaka saa nne usiku, unadhani ni jingi, lakini Desemba halionekani. Sisi tuna saa 2,800 hadi 3,500 za jua kwa mwaka. Tungekuwa tunagawana nchi kwa jua, wao ndio wangekuwa wanaomba msaada kwetu.

Kisiwa cha wakulima

Walitupeleka kisiwa cha Samsø. Watu wake hawafiki 4,000, ni wachache kuliko watu wa kata moja ya kwetu. Wanalima viazi na mboga, wanafuga nguruwe. Mwaka 1997 kisiwa hicho kilishinda shindano la serikali la kuwa kisiwa cha nishati jadidifu ndani ya miaka kumi. Mwaka 2000 wakasimamisha mitambo 11 nchi kavu. Miaka michache baadaye wakaongeza 10 baharini. Lengo wakalifikia.

Nilikuwa natazamia kuoneshwa mashine. Nilichooneshwa ni daftari la wenye hisa. Ile mitambo 11 ya nchi kavu, 9 ni ya wakulima na 2 ni ya ushirika wa wanakisiwa. Ya baharini, mitano ni ya halmashauri yao, mingine ni ya watu binafsi na ushirika. Mwenye shamba ana wake. Mwalimu asiye na shamba ana hisa zake chache kwenye ushirika.

Nilimuuliza mzee mmoja mkulima kama zile panga hazimsumbui kwa kelele. Akacheka. Akanieleza kwamba mtambo wa jirani unapiga kelele, ila wa kwake unapiga muziki. Nimeliwaza neno hilo sana. Yule mzee hakubadilishwa na semina. Alibadilishwa na umiliki.

Jambo la pili lililonigusa Samsø ni mabua. Wanayafunga mabua ya ngano, wanayachoma kwenye boila kubwa ya kijiji, maji ya moto yanapita kwenye mabomba chini ya ardhi na kupasha nyumba joto. Nikakumbuka zile pumba za mpunga nyuma ya mashine za kukoboa huku kwetu. Milima na milima. Tunazitia moto pale pale, moshi unaingia zahanati, na mashine yenyewe inayozalisha hizo pumba inanguruma kwa dizeli iliyotoka Dar es Salaam. Sisi hatuna haja ya kupasha nyumba joto, Mungu katupa bure. Lakini moto ni moto. Pumba zinaweza kukausha mpunga uliolowa, zinaweza kuzungusha mtambo wa umeme, zinaweza kufanywa mkaa wa kupikia. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mpaka sasa kinachotajwa zaidi kwenye majukwaa ni mitungi ya gesi yenye picha za viongozi. Pumba za Bukene hazimo kwenye hotuba.

Karibu na mji mkuu wao, Copenhagen, kuna mitambo 20 imesimama baharini kwenye mstari uliopinda, inaitwa Middelgrunden. Ilipojengwa mwaka 2000, nusu ilikuwa ya shirika la umeme la jiji na nusu ya ushirika wenye wanachama zaidi ya 8,000. Na mwaka 2009 wakaweka kwenye sheria kwamba mwekezaji wa upepo lazima atenge angalau asilimia 20 ya hisa kwa ajili ya wananchi, na wanaoishi jirani wanaanza. Baadaye sharti hilo waliliondoa, wakaweka utaratibu mwingine wa malipo kwa majirani wa mitambo. Kwa hiyo hata wao wanabadilisha na kubishana. Wapo wanaopinga mitambo, nao mafuta ya Bahari ya Kaskazini waliyachimba na kuyauza, na wameweka mwaka 2050 kuwa mwisho. Siyo malaika. Ila hilo wanalobishania, kwamba jirani wa mtambo apate nini, ndilo ambalo sisi hatujaanza hata kuliuliza.

Sisi tumekuwa njia

Sasa rudi Bukene nami.

Babu zetu walibeba meno ya tembo mabegani kutoka bara mpaka Bagamoyo. Wanyamwezi walisifika kwa upagazi mpaka jina letu likageuka kuwa jina la kazi. Tabora ikakua, njia moja inaenda Ujiji, nyingine inapanda kaskazini kuelekea ziwa. Mirambo alielewa mapema kwamba anayeishi njiani bila kuitawala njia ni mpagazi tu, akapigana kuitawala. Alifariki 1884. Isike naye akajilipua ndani ya ngome yake mwaka 1893 asikamatwe na Wajerumani. Wazee hawa walikuwa na makosa yao, pamoja na biashara ya watumwa, sitaki kuwapaka sukari. Lakini swali waliokuwa wanalijibu lilikuwa hilohilo: mali inayopita hapa inatuachia nini?

Ikaja reli ya Tabora kwenda Mwanza, ikakamilika 1928, ikatupa stesheni. Pamba na karanga zikapanda behewa, zikaenda. Ukaja mgodi wa dhahabu hapa hapa wilayani Nzega, Golden Pride, mmoja wa migodi mikubwa ya kwanza ya zama hizi nchini. Umeshafungwa. Wanaofahamu Nzega watakuambia wenyewe kilichobaki. Sasa inajengwa reli ya kisasa, kipande cha Tabora hadi Isaka kilomita 165, na treni zake zitatembea kwa umeme. Nasubiri kwa hamu kuipanda, ya Dar kwenda Dodoma imeshaanza na nimeipanda nikirudi, ni kitu cha kujivunia. Ila siku itakapopita huku kwetu usiku, yenye taa ndani na umeme juu, kuna watoto wataisindikiza kwa macho kutoka kwenye giza.

Na kuna bomba. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, mpaka Tanga, kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko kwetu. Mafuta yenyewe ni mazito, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba zima lazima lipashwe joto ili yatiririke. Kiwanda cha kuyaweka mabomba hayo ganda la kuhifadhi joto kiko Sojo, wilayani Nzega, kilizinduliwa mwaka 2024. Vijana wa huku wamepata ajira pale, siwezi kulikataa hilo, na mwenye ajira asibezwe. Lakini tuangalie wenye bomba ni nani: TotalEnergies ya Ufaransa asilimia 62, shirika la Uganda 15, TPDC yetu 15, CNOOC ya China 8. Mtu wa Igusule au Bukene yuko wapi kwenye hesabu hiyo? Yuko kwenye daftari la fidia. Fidia ni malipo ya kuondoka, hisa ni malipo ya kubaki. Tofauti yake ndiyo hiyo.

Angalieni pia jirani zetu wa Kishapu, Shinyanga. Pale TANESCO wanajenga kituo cha umeme wa jua cha megawati 150, wakianza na 50, kwa mkopo wa Ufaransa. Ni mradi mzuri na uje haraka. Ile mashine ya kwanza ya Bwawa la Nyerere iliwashwa Februari 2024, na sasa zimekamilika zote 9, tuna megawati 2,115 kutoka mto mmoja. Mwaka mvua ikigoma, jua la Kishapu litatusitiri. Lakini hata huko, swali la Samsø linabaki: wananchi wa kijiji kilichotoa ardhi wana hata asilimia moja? Au wataona paneli kwa mbali kama mama anavyoziona nguzo?

"Ushirika? Usituletee ushirika"

Najua mtakachosema. Nilimweleza mzee mmoja habari za Samsø, akaniambia, "Mwanangu, ushirika sisi tunaujua." Akanitajia Igembe Nsabo, ushirika wetu wa pamba wa upande huu. Jembe ni mali, ndilo jina. Akaniuliza mali iko wapi.

Ni swali la haki. Ila tulijibu lote. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika kwa amri. Havikuulizwa. Ushirika ukarudishwa kwa sheria ya 1982, ukiwa chini ya kivuli cha chama kimoja. Mkulima akazoea kwamba ushirika ni kitu kinacholetwa na wakubwa na kuondolewa na wakubwa, na meneja anamwogopa mkuu wa wilaya kuliko anavyomwogopa mwanachama. Ukichukua ushirika ukauondolea wanachama, kinachobaki ni wizi wenye mhuri.

Ushirika wa upepo nilioukuta kule ulikuwa na mambo matatu tu. Hesabu inasomwa kila mwaka mbele ya wanachama wote. Mwenyekiti anaweza kuondolewa kwa kura na hakuna simu kutoka juu itakayomrudisha. Na bei ya kuuzia umeme inajulikana mapema, kwa hiyo benki inakopesha. Hakuna kati ya hayo matatu linalohitaji ngozi nyeupe. AMCOS zetu za tumbaku na pamba zinapitisha fedha nyingi kila msimu. SACCOS za walimu zipo. Kinachokosekana ni uhuru wa wanachama na sheria inayowakubali kama wenye umeme, badala ya kuwa wateja wake tu.

Mwingine ataniambia sola ni umeme wa maskini, sisi tunataka gridi. Na mimi nataka gridi. Mashine ya kukoboa haiendeshwi na paneli ya taa nne. Lakini gridi na ushirika havigombani. Samsø wameungwa na bara kwa waya chini ya bahari, upepo ukizidi wanauza, ukipungua wananunua. Mwenye kuuza na kununua ni mshiriki. Mwenye kununua tu ni mteja.

Agosti 12

Siku moja Agosti, asubuhi kabla ya darasa, nilifungua simu nikakuta habari za Mbeya. Vijana wenzetu waliokuwa wanakwenda kuadhimisha Siku ya Vijana Duniani, Agosti 12, mamia wamekamatwa, wengine njiani kwenye mabasi, na viongozi wa chama kitaifa nao wamekamatwa. Mkutano umepigwa marufuku. Nikaingia darasani, na somo la siku hiyo, sitanii, lilikuwa jinsi vijana wa miaka ya sabini walivyobadilisha sera ya nishati ya nchi yao kwa mikutano ya hadhara.

Mwalimu akaniuliza kwa nini nimenyamaza. Nikamwambia simu imenipa usingizi mbaya. Sikujua nianzie wapi. Ningemwambia nini, kwamba kwetu mkutano wa vijana unakamatwa ukiwa bado uko kwenye basi?

Siku hiyo ndipo nilipoacha kuona nishati kama somo la mafundi. Hakuna taifa lililopata umeme wa wananchi bila wananchi kuwa na haki ya kukusanyika, kukataa, kusoma mikataba na kuondoa viongozi. Panga za Samsø zinazungushwa na upepo, ila zilisimamishwa na mikutano ya jioni ambayo hakuna polisi aliyeivunja. Ukitaka kujua kwa nini kitongoji chetu kina giza, usianzie kwenye transfoma. Anzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji ambao hauitishwi.

Tunataka nini

Kulalamika tunajua. Mimi napendekeza haya, na nayaleta kwenye vikao vya chama kama hoja:

1. Umeme upimwe kwa kaya. Takwimu zisomwe kitongoji kwa kitongoji, zibandikwe ofisi ya kijiji, tujue nani anayo na nani hana.

2. Kila mradi mkubwa wa nishati unaochukua ardhi ya kijiji, uwe wa jua, upepo au mafuta, utenge hisa kwa ajili ya wananchi wa eneo hilo kwa mujibu wa sheria. Wadenmark walianza na 20. Sisi tubishane kuhusu namba, lakini isiwe sifuri.

3. Ushirika wa nishati utambuliwe, na uwe na bei ya uhakika ya kuuzia umeme TANESCO, ili AMCOS ya Bukene iweze kukopa na kufunga mtambo wa pumba au wa jua kwenye mashine za kukoboa.

4. Kampuni za sola za mkopo zipewe kanuni zinazojua msimu wa mkulima. Anayelipwa mara moja kwa mwaka asidaiwe kama mwenye mshahara. Na taa za kusomea mtoto zisifungwe siku ya kwanza ya kuchelewa.

5. VETA wafundishe sola na matengenezo ya betri huku huku. Sola nyingi zilizokufa vijijini zimeuawa na betri ya elfu kadhaa na kukosa fundi.

Na sisi je?

Hapa naomba mnivumilie, makamanda. Chama chetu kikiwa jukwaani, umeme ukikatika tunashangilia. Tunapiga picha giza, tunarusha mtandaoni. Halafu umeme unarudi, na sisi tunanyamaza mpaka ukatike tena. Hiyo siyo sera. Mwaka 2019 walituengua wagombea kwa maelfu, tukajitoa, wakachukua vitongoji karibu vyote. Dhuluma ile hatuisahau. Lakini tujiulize kwa uaminifu: vile vitongoji vichache vilivyokuwa vyetu kabla ya hapo, tuliacha alama gani ambayo mwananchi anaweza kuigusa?

  Wataweka mapingamizi, watasema umekosea kuandika jina la mama yako. Jaza kwa makini, kata rufaa, simama. Na ukisimama, usiwaahidi watu gridi ambayo hauna mamlaka nayo. Mwenyekiti wa kitongoji hajengi bwawa. Lakini anaweza kuitisha mkutano. Anaweza kudai kusomewa mapato na matumizi. Anaweza kukataa kusaini muhtasari wa kugawa ardhi ambao watu hawakuujadili. Anaweza kuwakusanya wenye mashine za kukoboa na kuwauliza pumba zile zinachomwa kwa faida ya nani. Samsø ilianzia kwenye vikao vya namna hiyo.

Juzi tulimaliza deni la mama, nilichangia kilichobaki kwenye posho ya kozi. Sola ikafunguka. Taa nne, zote zinawaka. Mama akazitazama, akaniuliza, "Sasa hii ni yetu?" Nikamwambia ndiyo mayo, sasa ni yetu. Usiku ule hakuzima hata ya nje. Aliiacha iwake mpaka asubuhi, mtu anayekwenda na anayerudi aione.

Nataka Bukene nzima ifike pale. Karne na nusu tumekuwa njia ya mali za watu. Tukapige kura, na tukalinde tulichopiga.

Mapambano yanaendelea.